Ng'ombe wanaoonekana wazima: homa ya mapafu hugunduliwaje kabla ya dalili?

Katibu wa Kikundi, Kiteto

Ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo, salaam.

Kikundi chetu kina kundi dogo la ng'ombe wa maziwa, na mwaka huu wanachama walikubaliana kununua mitamba 18 mnadani ili kulikuza. Mitamba hao walipofika tuliwaweka katika zizi la peke yao, na afisa mifugo akachukua damu ya kila mmoja ipimwe homa ya mapafu ya ng'ombe, kwa sababu kulikuwa na fununu za ugonjwa huo katika vijiji wanakotoka baadhi ya wauzaji wa mnada ule. Majibu yalirudi kwamba hakuna hata mmoja aliyekutwa na ugonjwa. Wote wanakula vizuri, wanacheua, manyoya yao yanang'aa, na hakuna anayekohoa.

Kabla hatujawachanganya na kundi la zamani, mtamba mmoja alivunjika mguu akachinjwa. Alipopasuliwa, pafu lake la kulia lilikuwa limeshikamana na mbavu, na ndani yake mlikuwa na uvimbe mgumu wa kujaa kiganja, wenye ukuta mweupe mnene. Ulipokatwa tuliona nyama iliyokufa, ya rangi ya kijivu, iliyojitenga na ukuta wake. Mchinjaji alituambia ni kovu la zamani lisilo na madhara. Mtamba yule hakuwahi kuonyesha dalili yoyote, na damu yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizopimwa zikaonekana salama.

Sasa wanachama wamegawanyika. Wapo wanaosema majibu ya maabara yatosha, tuwachanganye. Wapo wanaotaka mitamba wote 17 waliobaki wachomwe sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kupambana na bakteria, kisha waingizwe kundini. Wengine wanataka wachanjwe mara moja. Mimi naomba kuelewa kwanza: inawezekanaje ng'ombe awe na pafu la namna ile huku damu yake ikisema ni mzima? Je, kuna kipimo bora zaidi kinachoweza kutuambia, kwa ng'ombe mmoja mmoja, nani ameambukizwa na nani hajaambukizwa? Na je, wale 17 tuwafanyie nini? Fedha iliyowanunua ni ya akina mama na vijana waliochanga kwa miaka, kwa hiyo sipendi tuamue kwa kubahatisha.

Daktari wa mifugo, Dodoma

Ndugu Katibu, mmefanya jambo la maana kuwatenga mitamba tangu siku ya kwanza, na naomba msiwachanganye hadi suala hili lieleweke. Uvimbe ulioueleza haujathibitishwa na maabara, lakini pafu la upande mmoja lililoshikamana na mbavu, lenye nyama iliyokufa ndani ya ukuta mnene, ndilo hasa linalotufanya tushuku homa ya mapafu ya ng'ombe kabla ya kitu kingine chochote.

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria wa jamii ya mikoplasma, ambaye wanasayansi Nocard na Roux walimwotesha kwa mara ya kwanza huko Ufaransa mwaka 1898. Huenea kwa pumzi na matone ya kikohozi, ng'ombe wanapokaribiana zizini, kwenye lambo, mnadani au ndani ya lori. Tangu ng'ombe aambukizwe hadi aonyeshe dalili huweza kupita wiki tatu, na huweza pia kupita miezi kadhaa. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, katika kanuni zake za udhibiti, linahesabu muda huo kuwa miezi 6. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba si kila aliyeambukizwa huugua. Makadirio ya zamani, ambayo bado tunafundishwa, yanaonyesha kwamba katika kundi lililopatwa na ugonjwa takriban theluthi moja ya ng'ombe huonyesha dalili, karibu nusu huambukizwa bila dalili, na waliobaki hawaupati. Kwa hiyo kumtazama ng'ombe kwa macho, hata kwa macho ya mtaalamu, hakuwezi kumsafisha. Wale waliougua kidogo wakapona huweza kubaki na kipande cha pafu kilichokufa, ambacho mwili umekizungushia ukuta, na humo ndani bakteria huweza kuishi kwa miezi mingi huku ng'ombe akinenepa.

Nije kwenye damu. Kipimo kilichotumika kwa ng'ombe wenu bila shaka ni kile cha komplementi, ambacho maabara hukiita CFT, au kile cha ELISA. Vyote viwili havimtafuti bakteria mwenyewe, bali hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupambana naye. Ugonjwa ulipoibuka tena nchini Italia katika miaka ya 1990, kipimo cha komplementi kilitathminiwa kwa kina, na ikakadiriwa kwamba hugundua takriban 64 kati ya kila ng'ombe 100 walioambukizwa, na huwaona kuwa salama takriban 98 kati ya kila 100 ambao kweli ni salama. Upungufu huo si uzembe wa maabara. Ng'ombe aliyeambukizwa wiki iliyopita bado hana kingamwili za kutosha kuonekana. Ng'ombe aliyeambukizwa zamani, ambaye bakteria wake wamefungiwa ndani ya ukuta, kingamwili zake zimeshashuka chini ya kiwango ambacho kipimo hukiona. Kipimo hufanya kazi vizuri zaidi katikati ya vipindi hivyo viwili, yaani wakati ule ule ambao mara nyingi ng'ombe anakohoa na hata jirani angeweza kumtambua. Mtamba wenu aliyechinjwa, kwa maelezo uliyotoa, yumo katika kipindi cha mwisho.

Kutokana na hayo, jibu la damu linapaswa kusomwa kama jibu la kundi zima, wala si cheti cha ng'ombe mmoja mmoja. Nitatumia hesabu ya ng'ombe wenu wenyewe. Iwapo kati ya wale 17 yumo mmoja tu aliyeambukizwa, uwezekano wa kipimo kumkosa ni takriban 36 kwa 100, na huo ni mkubwa mno kwa mtu anayetaka kuamua juu ya mtamba huyo peke yake. Iwapo wamo watatu, uwezekano wa kuwakosa wote watatu hushuka hadi takriban 5 kwa 100, kwa hiyo kundi lenye wagonjwa kadhaa ni vigumu kupita bila angalau mmoja kuonekana. Lakini hesabu hiyo ina sharti moja ambalo watu hulisahau: inachukulia kwamba ng'ombe hao wamo katika vipindi mbalimbali vya ugonjwa. Kama wote waliambukizwa siku ile ile mnadani, na damu ikachukuliwa mara tu walipofika kwenu, basi wote wamo katika kipindi cha mwanzo, na kipimo kitawakosa wote kwa pamoja. Majibu yenu mazuri, kwa kuwa damu ilichukuliwa mapema, yanasema kidogo sana kuhusu kilichotokea mnadani.

Upande wa pili pia una tahadhari yake. Tukipima ng'ombe 1,000 ambao 50 kati yao wameambukizwa, tutawapata 32 tu kati ya wale 50, na pamoja nao tutawatuhumu kimakosa takriban 19 wasio na ugonjwa. Ndiyo maana mtaalamu mwangalifu hamhukumu ng'ombe mmoja mwenye jibu baya katika kundi lisilo na historia yoyote ya ugonjwa, bali hurudia kipimo, hutumia kipimo cha aina nyingine, na panapowezekana hutazama mapafu.

Kuhusu sindano ya oksitetrasaiklini, nawasihi msiitumie sasa. Dawa za jamii hiyo hupunguza ukali wa ugonjwa na huenda zikapunguza kikohozi kinachoeneza bakteria, lakini haziaminiki kumwondoa bakteria aliye ndani ya ukuta ule, na mkizitumia kabla ya kupima tena mtakuwa mmeficha dalili ambazo zingewasaidia kujua ukweli. Penisilini nayo haina kazi kabisa hapa, kwa kuwa mikoplasma haina ukuta wa seli ambao dawa hiyo huushambulia. Nimeona wafugaji wakitumia fedha nyingi kwa penisilini katika ugonjwa huu, na huniuma, kwa sababu aliyewauzia alipaswa kujua.

Mkaguzi wa nyama

Naomba kuongezea upande wa machinjioni, kwa sababu naamini ndiko ng'ombe wanaoonekana wazima hugundulika zaidi kuliko mahali pengine popote.

Ng'ombe wa kuchinjwa hufika kwetu akitembea mwenyewe, akiwa amenona, na mwenye mali akiapa kwamba hajawahi kuugua. Tunapofungua kifua, tunatazama kwanza kama pafu limeshikamana na mbavu na kama kifuani mna majimaji. Katika ugonjwa mkali majimaji hayo huwa ya njano, yenye mabonge, na huweza kufika lita 30. Pafu lililokatwa huwa na mabaka mekundu, ya kijivu na ya njano yaliyotenganishwa na mistari minene, ndiyo maana vitabu hulifananisha na marumaru. Kwa kawaida ni pafu moja tu linaloathirika, hasa sehemu yake ya nyuma. Katika ugonjwa wa zamani mabaka hayo hayapo tena. Kinachobaki ni uvimbe kama uliouona, Ndugu Katibu, na mara nyingi umejificha katikati ya pafu, kiasi kwamba jicho halitauona kutoka nje. Ni lazima pafu lote lipapaswe kwa vidole, polepole, kisha kila palipo pagumu pakatwe. Mkaguzi mwenye ng'ombe wengi wanaomsubiri asubuhi na msaidizi mmoja huacha kupapasa, na hapo ndipo ugonjwa unapopita.

Si kila uvimbe wa pafu ni homa ya mapafu. Kifua kikuu cha ng'ombe huacha vinundu vyenye kitu cha njano kikavu mithili ya jibini, na tezi za kifuani huathirika pamoja navyo. Vifuko vya minyoo ya mbwa huwa na maji safi ndani. Homa ya mapafu ya kawaida, ile inayowapata ng'ombe waliochoka kwa safari, hupenda sehemu za mbele za mapafu na mara nyingi pande zote mbili. Ng'ombe aliyekufa kwa ndigana kali huwa na povu na maji kwenye mapafu, lakini tezi zake za mwilini zimevimba, na hana ukuta ule mweupe. Jipu nalo hutoa usaha, ilhali nyama iliyokufa katika ugonjwa huu huwa kavu na hubaki na umbo la pafu hata baada ya muda mrefu. Mchinjaji aliyewaambia ni kovu lisilo na madhara hakuwa na haki ya kusema hivyo bila kupeleka kipande maabara.

Namna hii ya kufuatilia si ya kubuni. Australia, ambako ugonjwa uliingia mwaka 1858, ilitangazwa kuwa huru mwaka 1973, na mojawapo ya njia kuu iliyotumika ilikuwa kukagua mapafu machinjioni na kufuatilia kila pafu lenye ugonjwa hadi kwenye kundi lilikotoka, kisha kundi lile likapimwa damu. Kwetu kazi hiyo inakwama mahali pamoja: pafu linapatikana, lakini hakuna ajuaye ng'ombe yule alizaliwa wapi, kwa sababu amepita mikononi mwa wafanyabiashara watatu na minada miwili, na kibali cha kusafirisha mifugo kinataja mnada wa mwisho tu. Mkiwa na hereni za utambulisho masikioni mwa ng'ombe na daftari la ununuzi, mna kitu cha thamani kubwa kuliko mnavyodhani.

Mfugaji, Longido

Nawashukuru Daktari na Mkaguzi kwa maelezo yao. Sisi Wamaasai ugonjwa huu tunauita olkipiei, na wazee wetu walikuwa na njia zao za kuutafuta ambazo naona hazipaswi kudharauliwa. Asubuhi mapema, kabla ng'ombe hawajatoka bomani, mzee husimama kimya langoni akisikiliza, kwa sababu kikohozi cha kwanza hutoka ng'ombe wanapoinuka katika baridi. Baada ya hapo huwapandisha mlima kwa mwendo wa haraka kidogo na kuwatazama wanaposimama: yule anayetanua viwiko vya miguu ya mbele, anayenyoosha shingo, anayechelewa kurudisha pumzi, huyo hutengwa. Ndama hutazamwa magoti, kwa kuwa ndama walioambukizwa mara nyingi huvimba viungo badala ya kukohoa. Njia hizi hazimkamati aliyepona na kubaki na uvimbe ndani, nakubali, lakini zimekuwa zikiwakamata wengi kabla daktari hajafika.

Nina shaka na jambo moja. Miezi 6 ya kutenga ng'ombe ni rahisi kuiandika kuliko kuitekeleza. Kikundi cha maziwa chenye zizi na nyasi za kukata kinaweza. Sisi tunaochunga pamoja, tunaokunywesha lambo moja na kuhama kwa pamoja kiangazi kinapokuja, tutamtenga ng'ombe wapi? Atakula nini? Mfugaji akiambiwa achague kati ya karantini asiyoweza kuilisha na sindano ya dukani, atachagua sindano, na asiyejua hali yake atamwita mkaidi. Vilevile anajua kwamba akitoa taarifa, mnada unaweza kufungwa, na ada ya shule inatoka mnadani. Kwa hiyo wataalamu watuambie pia kitu kinachofaa kwa kundi lisilo na ua.

Wenye umri wangu tunakumbuka kwamba nchi hii ilikuwa imeutokomeza ugonjwa huu mwaka 1964, ukarudi mwaka 1990 kupitia mkoa wetu wa Arusha kwa ng'ombe waliovuka mpaka. Ng'ombe hao hawakuvuka wakiwa wamelala chini. Walivuka wakitembea.

Mtaalamu wa maabara

Ndugu Katibu aliuliza kama kipo kipimo bora zaidi kwa ng'ombe mmoja mmoja. Jibu la kweli ni kwamba hakipo kipimo kimoja kinachoweza kumsafisha ng'ombe aliye hai, lakini vipo vipimo vinavyosaidiana.

Kipimo cha komplementi huona vizuri ugonjwa ulio katika kipindi cha ukali, kisha hufifia. ELISA huchelewa kidogo kuanza kuona, lakini huendelea kumwona ng'ombe kwa muda mrefu zaidi baada ya ukali kupita, kwa hiyo katika kundi kama lenu, ambalo tunashuku ugonjwa wa zamani, ningependa damu ile ile ipimwe kwa njia zote mbili. Wapo watakaofikiri kwamba kwa kuwa uwezo wa vipimo hivyo unakaribiana, kimoja kinatosha. Hoja yangu ni kwamba haviwakosi ng'ombe wale wale. Kuna pia kipimo cha kutenganisha protini za bakteria na kutazama kingamwili zinazoshika kila moja, ambacho ni sahihi zaidi, lakini ni cha gharama na hutumika kuthibitisha majibu yenye utata, si kupima kundi zima.

PCR, ambayo wengi wameisikia tangu kipindi cha UVIKO, humtafuta bakteria mwenyewe. Watu hudhani kwa sababu hiyo ndiyo itakayomaliza shaka zote. Kwa pafu lenye uvimbe, au kwa majimaji ya kifuani, ni kipimo kizuri mno. Kwa ute wa pua wa ng'ombe anayeonekana mzima ni tofauti, kwa kuwa bakteria aliyefungiwa ndani ya ukuta hatoki puani, na jibu la kutoonekana kwake halithibitishi chochote. Mapafu ya ng'ombe aliye hai yanaweza kuoshwa kwa maji maalumu na maji hayo yakapimwa, na njia hiyo ni bora kuliko ute wa pua, ila inahitaji vifaa na mikono iliyozoea.

Suala la iwapo ng'ombe mwenye uvimbe wa zamani kweli huambukiza wengine halijakubaliwa na wote. Wafugaji na madaktari wengi wameona ugonjwa ukizuka baada ya ng'ombe mzima kuingizwa kundini, na wakahitimisha kwamba ukuta ulipasuka kwa njaa, safari au uchovu. Hata hivyo majaribio yaliyofanywa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, ya kuwaweka ng'ombe wa namna hiyo pamoja na wazima, hayakufaulu kuonyesha maambukizi hayo. Mimi binafsi naona hatari kubwa zaidi katika kundi lenu si ule uvimbe wa zamani, bali ni mtamba mwingine aliyesafiri pamoja na yule, ambaye ugonjwa wake bado ni mchanga na hausikiki. Uvimbe mliouona umewapa habari kwamba mitamba hao wametoka penye ugonjwa, na habari hiyo ina uzito kuliko majibu yote 18 ya damu.

Kuhusu chanjo: chanjo inayotumika sana Afrika, T1/44, ni ya bakteria hai waliodhoofishwa, na asili yake ni ng'ombe wa nchini mwetu, ambako bakteria huyo alipatikana mwaka 1951, akapitishwa mara 44 katika mayai ya kuku. Kinga yake hudumu takriban mwaka mmoja, na haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Ninyi mkiwachanja mitamba leo, kingamwili za chanjo zitaonekana katika kipimo cha komplementi kwa takriban miezi mitatu, na katika muda huo hakuna maabara itakayoweza kuwaambia kama jibu baya limetokana na chanjo au na ugonjwa. Tena, kwa kuwa ni bakteria hai, mkichanganya chanjo na oksitetrasaiklini mtaiua chanjo yenyewe. Mpangilio unaofaa ni damu kwanza, chanjo baadaye, na kundi lenu la zamani ndilo linalostahili kufikiriwa kwanza katika chanjo, baada ya kushauriana na ofisi ya mifugo ya wilaya.

Katibu wa Kikundi, Kiteto

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimewasomea wanachama maelezo haya, na wazo la sindano limewekwa kando. Yamebaki mambo matatu. Pafu la mtamba aliyechinjwa lilikuwa limefukiwa, kwa hiyo hatuna cha kupeleka maabara. Pia kuna wanachama wanaoogopa maziwa na nyama; baadhi ya familia zilikula nyama ya mtamba yule. Na kama tukithibitishiwa ugonjwa, je, ng'ombe wote watauawa? Kuna mzee ametukumbusha habari za Botswana, na watu wameingiwa na hofu.

Daktari wa mifugo, Dodoma

Nianze na hofu ya chakula kwa sababu ni rahisi: homa ya mapafu ya ng'ombe haiwapati binadamu, kwa hiyo familia zilizokula nyama zisiwe na wasiwasi juu ya ugonjwa huu. Maziwa yachemshwe kama kawaida, kwa sababu ya magonjwa mengine.

Habari za Botswana ni za kweli. Ugonjwa uliingia Ngamiland mwaka 1995 ukitokea upande wa Namibia, na mwaka uliofuata serikali iliua ng'ombe wote wa eneo hilo, takriban 320,000, wengi wao wakiwa hawana dalili yoyote. Nchi ile ilifanya hivyo kwa sababu uchumi wake ulitegemea kuuza nyama Ulaya, na ilikuwa na uwezo wa kuwafidia wafugaji. Hapa kwetu udhibiti umeegemea zaidi chanjo na kuzuia mienendo ya mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa anaposhuku ugonjwa wa aina hii, na taarifa yenu itawalinda ninyi pia: ng'ombe wa majirani wakiugua mwezi ujao, itajulikana kwamba ninyi mlisema mapema.

Kukosa pafu lile ni hasara, lakini hakufungi njia. Mitamba 17 wabaki walipo, wasichangie chombo cha maji wala njia ya kupita na kundi la zamani, na anayewahudumia awahudumie wao mwisho. Bakteria huyu hadumu muda mrefu nje ya mwili wa ng'ombe, jua na ukavu humuua, kwa hiyo msichome zizi wala kutupa vyombo. Pumzi ndiyo ya kuogopwa. Damu ichukuliwe upya sasa, katika chupa zisizo na dawa ya kuzuia kuganda, na ipimwe kwa njia mbili alizotaja Mtaalamu. Ichukuliwe tena baada ya wiki nane hivi, na mara ya tatu karibu na mwisho wa ile miezi 6. Yeyote atakayekuwa na jibu baya, au ambaye kiwango chake cha kingamwili kitapanda kati ya kipimo kimoja na kingine, msimwuze mnadani. Achinjwe mahali penye mkaguzi, na pafu lipelekwe maabara likiwa limepozwa kwa barafu, kipande kikatwe mahali nyama iliyokufa inapokutana na nzima. Pafu moja la namna hiyo litawaeleza zaidi ya vipimo vingi vya damu.

Ndugu yangu wa Longido amesema kweli, na sitaki swali lake lipotee. Kwa kundi lisilo na ua, anayeweza kutengwa ni mgeni, si mwenyeji: ng'ombe mmoja au wawili walionunuliwa wakae kwenye boma la mtoto mmoja wa ukoo, wachungwe upande wao na kunyweshwa baada ya wengine, hata kama ni kwa wiki nane badala ya miezi 6. Hilo si kinga kamili, lakini wengi walioambukizwa mnadani watakuwa wamekohoa au damu yao imebadilika kabla ya muda huo kwisha. Na chanjo ya eneo zima, inayorudiwa kila mwaka bila kuruka, ndiyo inayoweza kulinda makundi yanayokutana lamboni. Ikitolewa mwaka mmoja ikaachwa miwili, fedha hupotea na ugonjwa hubaki. Kusikiliza kikohozi langoni asubuhi kuendelee, na kila anayekohoa aandikwe, rangi yake, umri wake na tarehe, kwa sababu daftari hilo ndilo nitakaloomba kwanza nikifika bomani.

Ndugu Katibu, majibu ya awamu ya kwanza yakitoka, yaandike hapa pamoja na tarehe ya kununua na tarehe ya kuchukua damu, bila namba za hereni wala majina ya wauzaji, tuyasome pamoja.